Kupanga, Kununua na Kuishi Jirani na Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere: Mwongozo Kamili kwa Anayehamia Kipawa, Kiwalani, Ukonga na Kipunguni

Dalali wa Banana au Majumba Sita atakwambia chumba kiko "dakika tano tu kutoka Airport", na atalisema hilo kama sifa. Umbali huo hausemi mengi. Nyumba mbili zinaweza kuwa mbali sawasawa na lango la uwanja, moja mtu akalala hadi kunakucha, nyingine kila ndege ikipita mazungumzo yanasimama. Kinachozitofautisha ni mahali zilipo kulingana na mstari wa njia ya kurukia. Mstari huohuo ndio unaoamua dari uiwekeje, ghorofa lifike wapi, na siku moja serikali ikitaka kupanua uwanja, nani aanze kufungasha.

Uchore mstari kabla hujaonana na dalali

Njia kuu ya kurukia ina urefu wa mita 4,600 na huitwa 05/23. Namba hizo ni nyuzi za dira zilizopunguzwa tarakimu ya mwisho: upande mmoja huelekea nyuzi 50, yaani kaskazini-mashariki, na mwingine nyuzi 230, kusini-magharibi. Ncha ya kusini-magharibi iko upande wa Kipunguni. Ya kaskazini-mashariki iko upande wa Kipawa na Kiwalani.

Fungua ramani ya setilaiti kwenye simu, ulione lile tandiko refu la lami, kisha weka ukingo wa karatasi iliyonyooka juu ya kioo na uurefushe pande zote mbili. Pima vitu viwili: nyumba iko mita ngapi kutoka kwenye mstari huo, na iko kilomita ngapi kutoka ncha iliyo karibu nayo.

Ndege inayotua kwa kawaida hushuka kwa pembe ya nyuzi 3, na hupita juu ya kizingiti cha njia, yaani mwanzo wa sehemu ya kutulia, ikiwa na kimo cha mita 15 hivi. Maana yake ni kwamba kila kilomita moja unayosogea nyuma, ndege iko juu zaidi kwa takriban mita 52. Kilomita 1 kutoka kizingiti inapita kwenye mita 67 hivi, kilomita 2 kwenye mita 120, kilomita 4 kwenye mita 225. Anayeishi chini ya mstari ndani ya kilomita 2 huona tairi na taa vizuri, na kelele yake ni kali lakini fupi, sekunde chache imekwisha.

Aliye ubavuni mwa uwanja ana kelele ya namna nyingine. Hapitiwi na ndege kichwani, ila anasikia injini zikifunguliwa kwa nguvu wakati wa kuruka, zikirudisha msukumo nyuma baada ya kutua, na mvumo wa ndege zilizoegeshwa huku injini yao ndogo ya kuzalisha umeme ikiwaka. Hii si kali sana, lakini ni ndefu. Watu wengi huivumilia mchana na kuichukia usiku.

Halafu kuna upepo. Ndege huruka na kutua zikiukabili. Kaskazi inapovuma, tuseme Desemba hadi Machi, ndege hutua zikitokea kusini-magharibi, kwa hiyo Kipunguni ndiko zinakopita chini, na huruka zikielekea Kiwalani na mjini. Kusi, Aprili hadi Oktoba, hutoka kusini na kusini-mashariki, karibu ubavuni mwa njia. Ndiyo maana msimu huo mwelekeo hubadilika kwa siku na hata kwa saa, hasa upepo wa asubuhi utokao bara unapopisha ule wa mchana utokao baharini. Nyumba uliyoikagua Julai ikakupendeza inaweza kukushangaza Januari.

Ukaguzi wa nyumba

Nenda mara tatu: siku ya kazi kati ya saa 12 na saa 2 asubuhi, jioni moja, na usiku baada ya saa 4. Usiku usiuruke, kwa sababu ndege nyingi za masafa marefu huingia na kutoka saa ambazo mtaa umelala. Kabla ya kwenda, fungua Flightradar24, programu ya kufuatilia ndege angani, uone ndege za saa hiyo zinapita upande gani. Usipofanya hivyo unaweza kukaa saa nzima upande ambao siku hiyo hautumiki ukadhani mtaa ni kimya.

Ukiwa ndani, funga madirisha na mlango, zima feni, kisha mpigie mtu simu ndege ikipita. Akikuuliza "unasemaje?" jibu umepata. Programu ya kupima desibeli kwenye simu hukosea kwa desibeli kadhaa, lakini ukitumia simu ileile inafaa kulinganisha chumba na chumba, au dirisha wazi na dirisha lililofungwa. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mwaka 2018 kwamba kelele ya ndege isizidi wastani wa desibeli 45 kwa siku nzima na 40 kwa usiku, ikipimwa nje. Hizo ni wastani wa muda mrefu, usizilinganishe na namba utakayoiona ndege moja ikipita.

Muulize muuza duka la jirani, au mama ntilie, kuliko mwenye nyumba. Swali lisiwe "kuna kelele?" maana atakujibu wameshazoea. Uliza: "Mwezi wa kwanza mnalala madirisha wazi?"

Mwenye watoto aangalie shule kwa macho yaleyale. Utafiti wa watoto wa shule zilizo karibu na viwanja vya Heathrow, Schiphol na Barajas, uliochapishwa mwaka 2005, uliona kuwa kelele ya ndege inaendana na watoto kuchelewa katika kusoma. Darasa lenye bati tupu bila dari, chini ya mstari, ni kasoro kubwa kuliko sare mbovu.

Mkataba na mambo ya dalali

Ada ya dalali kwa kawaida ni kodi ya mwezi mmoja. Hela ya kuonyeshwa nyumba ni jambo la kupatana mapema, na usitoe kwa nyumba ambayo hujaingia ndani. Wenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi 6 au 12 kwa mkupuo. Kwa eneo hili shikilia miezi 3 kwa mara ya kwanza, hata ikibidi kuongeza kidogo kwa mwezi, kwa sababu ndiyo nafasi pekee ya kuonja msimu mwingine wa upepo bila kupoteza hela.

Angalia ukuta wa nje kabla ya kusaini. Alama ya X ya rangi nyekundu, au namba iliyopigwa rangi karibu na mlango, inaweza kumaanisha nyumba imewekewa alama ya kubomolewa au imefanyiwa tathmini. Mwenye nyumba anayesubiri fidia hatatengeneza paa linalovuja wala choo kilichojaa, na huwezi kumlaumu sana. Muulize waziwazi, na jibu lake liandikwe: kwamba nyumba ikitwaliwa, kodi ya miezi iliyobaki inarudishwa ndani ya siku mtakazokubaliana. Mkataba upelekwe ofisi ya serikali ya mtaa ukagongwe muhuri, na siku hiyohiyo ujitambulishe kwa mjumbe wa shina.

Luku iwe ya kwako peke yako. Ukichangia luku na wapangaji wengine huku ukipanga kufunga madirisha na kuwasha kiyoyozi kwa sababu ya kelele, ugomvi hautachukua mwezi.

Kupunguza kelele ndani ya chumba

Mafundi wengi huanza na dirisha. Hapa anza na paa, kwa sababu sauti inatoka juu. Nyumba nyingi za mitaa hii zina bati, dari nyepesi au hakuna kabisa, na uwazi kati ya kichwa cha ukuta na bati. Uwazi huo ukiachwa, fedha yote utakayotumia kwenye vioo imepotea.

Panda darini uzibe uwazi wa juu ya kuta za chumba cha kulala kwa tofali na mota, hadi kwenye bati. Ziba pia juu ya ukuta wa kati ya vyumba, maana sauti ikiingia sebuleni husafiri kwenye dari hadi kitandani. Kisha weka dari ya jipsamu tabaka mbili za milimita 9, viungo vya tabaka la pili visikae juu ya viungo vya la kwanza. Tabaka moja halitoshi, kwani kinachozuia sauti ni uzito. Juu yake tandaza pamba ya kioo ya unene wa milimita 50 hadi 100, na fundi avae glavu na barakoa kwa sababu inawasha vibaya. Pamba hiyo pia hupunguza joto la bati, na kwa Dar es Salaam hiyo peke yake ni sababu tosha ya kuiweka.

Matundu ya hewa juu ya madirisha usiyazibe moja kwa moja, hasa kama mnapikia mkaa ndani au karibu na mlango: hewa chafu ya mkaa huua. Tengeneza kisanduku cha mbao kwa ndani chenye njia ya kupinda mara mbili, ukitandike pamba, hewa ipite lakini sauti igonge kona.

Dirisha la aluminiamu la kuteleza huvuja sauti hata likifungwa, kwa sababu brashi zake hazizibi kama mpira. La kufungua kwa bawaba lenye mpira pande zote ni bora. Kioo kiwe milimita 6, si 3 au 4. Ukiweza, ongeza fremu ya pili kwa ndani ikiachana na ya kwanza kwa sentimita 10 au zaidi, maana vioo viwili vilivyobanana havisaidii sana dhidi ya mvumo mzito wa injini. Mlango uwe wa mbao nzito, na chini uwekewe ulimi wa mpira.

Trei za mayai ukutani, mapazia mazito na sponji hupunguza mwangwi wa ndani tu. Sauti ya nje haijui kama zipo. Bado zinauzwa kama "saundi prufu", na bado watu wananunua.

Ukishafunga hivyo chumba kitakuwa cha joto. Kwa chumba cha mita za mraba 10 hadi 12, kiyoyozi cha BTU 9,000 kinatosha kama dari ina pamba. Umeme ukikatika utafungua madirisha upende usipende, kwa hiyo weka feni ya betri inayodumu saa 6 au 8.

Walio karibu kabisa na ncha ya njia wana jambo moja zaidi. Mabawa ya ndege kubwa huacha nyuma yake hewa inayozunguka kwa nguvu, na hewa hiyo ikishuka huweza kuinua kigae au bati lililolegea. Tumia skrubu za bati zenye mpira badala ya misumari, na kila mwaka kabla ya kaskazi kuanza pitia mstari wa mwisho wa bati kwenye vipenu, ndio unaofunguka kwanza.

Maji na mafuriko

Maji ya DAWASA hufika mitaa mingi lakini kwa mgawo usiotabirika. Kaya ya watu 5 inayotumia lita 60 kwa kila mtu inahitaji lita 300 kwa siku, kwa hiyo simtanki la lita 1,000 linavusha siku tatu. Kabla ya kutegemea kisima cha mwenye nyumba, onja: sehemu nyingi maji ni ya chumvi, na penye vyoo vya shimo vilivyobanana usiyanywe bila kuyatibu. Kuhusu mvua, wako wanaoogopa kwamba ndege zinamwaga mafuta juu ya mapaa. Mavumbi ya barabara na kinyesi cha kunguru ndiyo yanayochafua paa kuliko kitu kingine. Tupa lita 25 hadi 50 za kwanza kwa kila mita 50 za mraba za paa, kisha kinga.

Mafuriko ni habari nzito kuliko ndege. Mto Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu na kupita mabonde ya Ulongoni, Segerea na Vingunguti, na kodi rahisi mara nyingi iko kwenye mabonde hayo. Ukikagua nyumba kiangazi, tafuta mstari wa tope ukutani, kizingiti cha mlango kilichoinuliwa kwa tofali, na mifuko ya mchanga nyuma ya choo.

Usafiri

Barabara ya Nyerere ndiyo uti wa mgongo: Gongo la Mboto, Banana, Airport, TAZARA, mjini. Daraja la juu la Mfugale pale TAZARA, lililofunguliwa mwaka 2018, liliondoa fundo kubwa, lakini msongamano wa asubuhi upo. Mitaa ya Segerea na Kinyerezi ina njia ya pili kupitia Tabata, na hiyo ni faida ya kweli siku Nyerere ikifungwa.

Nayo hufungwa. Kiongozi akiwasili au akisafiri, magari husimamishwa na msafara hupishwa, wakati mwingine kwa muda mrefu, bila tangazo la kukusaidia. Mwenye ndege ya kupanda asijidanganye kwamba anaishi jirani: ondoka saa moja kabla ya muda ambao ungeondoka, au uwe na bodaboda unayeijua namba yake anayezijua njia za ndani. Kutoka Kipunguni, uzio hauna mlango wa mkato, itabidi uzunguke hadi barabara kuu kama mtu mwingine yeyote.

Ukitaka kununua au kujenga

Hapa ndipo watu hupoteza fedha. Anza na upekuzi wa kiwanja ofisi ya ardhi kama kina hati. Kama hakijapimwa, nenda Idara ya Mipango Miji ya Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, ambayo kabla ya 2021 ilikuwa Manispaa ya Ilala, uulize matumizi yaliyopangwa kwa eneo hilo. Kisha peleka alama za kiwanja, zilizochukuliwa na mpima mwenye leseni, kwa Mamlaka ya Viwanja vya Ndege waseme kama kiwanja kiko ndani ya mipaka yao au ya upanuzi. Karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa haijibu swali hilo hata kidogo.

Kimo cha jengo huombewa kibali Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA. Kanuni zinazofuatwa kimataifa kwa njia ya ukubwa huu ni hivi: kuanzia mita 60 nje ya kizingiti, kikomo cha kimo, yaani chini ya anga la ndege ambapo jengo halipaswi kupita, hupanda kwa asilimia 2. Mita 250 kutoka hapo kikomo ni mita 5 tu juu ya usawa wa kizingiti, na kilomita 1 ni mita 20. Nyumba ya kawaida yenye paa la mita 5 na dishi juu yake tayari imegusa pale kwenye mita 250. Kuzunguka uwanja mzima, hadi kilomita 4, kuna kikomo cha mita 45 juu ya usawa wa uwanja. Kama kiwanja chako kiko juu ya kilima, kimo cha kilima kinahesabiwa kwanza. Miti nayo imo: mnazi unaoupanda leo unaweza kufika mita 20, na utakatwa.

Jambo la fidia lishughulikie kabla halijakufikia. Wakazi wa Kipunguni waliofanyiwa tathmini mwaka 1997 walisubiri zaidi ya miaka 20. Sheria ya Ardhi ya 1999 inadai fidia kamili, ya haki na ya haraka. Chini ya kanuni za 2001, unadai thamani ya ardhi na maendelezo, posho ya usumbufu, posho ya makazi ya kodi ya miezi 36, gharama ya kusafirisha tani 12 za mizigo ndani ya kilomita 20, na kwa mwenye biashara, faida iliyopotea ya miezi 36 ikithibitishwa na hesabu zilizokaguliwa. Duka lisilo na hesabu hizo halina cha kuonyesha, kwa hiyo anza kuziweka mwaka huu. Kiwanja kitupu hakipati posho ya makazi wala usafiri. Sheria ya Uthamini ya 2016 inaipa tathmini uhai wa miaka 2, na malipo yakipita miezi 6 riba huanza kuhesabiwa.

Siku ya uthamini uwepo mwenyewe. Hakikisha choo, uzio, kisima, kila mti wa matunda na kila chumba vimeandikwa, piga picha zenye tarehe, na usisaini fomu yenye nafasi tupu. Dai nakala palepale.

Vya kuepuka

Usirushe droni. Inahitaji usajili na kibali cha TCAA pamoja na kibali cha Wizara ya Ulinzi, na karibu na uwanja usitegemee kukipata kwa ajili ya picha za harusi. Tochi za leza ziondoe mikononi mwa watoto, maana mwanga wake hutapakaa kwenye kioo cha rubani anayetua. Taka za jikoni zifungwe: kunguru wa Dar hufuata majalala, na ndege wa mabawa akiingia kwenye injini ni hatari. Usipige picha uzio, mitambo ya uwanja wala kambi za jeshi za Ukonga na Gongo la Mboto. Na upande wa Gongo la Mboto, ambako ghala la silaha lililipuka usiku wa 16 Februari 2011 na vipande kutawanyika mitaani, fundi wa msingi akikutana na chuma kizito cha duara ardhini aache sururu hapohapo, asikiguse wala kukiuza kama skrepa, na polisi waitwe.